Trauti wa Mlango wa Kunguru

Mzee Modeste alikuwa mwongo, na heri tuliseme hilo mapema, maana mwenyewe lisingemkera. Pale Fort Ambroise, kaskazini kabisa mwa Kanada, kila mvuvi ni mwongo wa jambo moja tu: mahali. Atakwambia uzito wa samaki, labda na chumvi kidogo. Atakwambia upepo ulivumaje, chambo kilikuwa nini, nani alilia kwa baridi na nani alijifanya halii. Lakini mahali hakwambii ng'o. Ukimwuliza mtu ametega wavu wapi, akakujibu papo hapo, jua huko hakuna hata mfupa.

Na hakuna aliyechukia. Ilikuwa adabu. Kuuliza mahali ni sawa na kufunua sufuria ya watu, na kudanganya ni namna ya kuirudishia kifuniko bila kumtukana mgeni. Tena wenyeji walijua kuusikiliza uongo huo. Mtu akisema ametoka mashariki, halafu akajisahau akasema jua la jioni lilimpiga mgongoni njia nzima ya kurudi nyumbani, wenzake walitazamana tu na kunywa chai. Wameshajua alitoka magharibi. Watoto walijifunza masikio hayo kwenye sleji za baba zao, zilizoburutwa na mbwa juu ya theluji. Leo mtoto anaiona ghuba kwa macho yake, kesho anamsikia baba dukani akiihamisha ghuba ile ile maili ishirini, na anafunga mdomo. Hakuna aliyefundishwa kwa maneno, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna mtu hajui.

Antoinette hakujua. Alikuwa binti wa Rosalie, dada yake Modeste. Alipokuwa na miaka sita ndege ilikuja ikamchukua na wenzake, ikawapeleka shule ya bweni ya mapadri. Alirudi ana miaka kumi na saba, anajua kugawanya namba ndefu na kupiga pasi, wala hajui kuwasha moto wa kuni mbichi. Wenzake wengi waliorudi na ndege hiyo waliona haya wakajifungia ndani. Antoinette hakuona haya. Kila Jumapili, hata baada ya kuzaa watoto wake mwenyewe, alikwenda kwa mjomba wake na mkate wa sufuriani na siagi, akakaa karibu na jiko, akasema, "Mjomba, nipe ile ya hamsini na mbili."

Modeste alimpa. Mungu anajua alivyofurahi kumpa! Mkewe alikuwa amekufa, goti lake lilikuwa limeoza, hakuwa amekanyaga barafu ya ziwani kwa miaka tisa, na hapa alikaa mtu mzima mwenye akili zake akimsikiliza mdomo wazi.

Mwezi wa nne, mwaka wa hamsini na mbili, Modeste alikuwa na shemeji yake Augustin na mbwa saba, na unga ulikuwa umekwisha siku tatu. Wakafika Mlango wa Kunguru, pale ziwa linapobanwa na majabali mawili. Ng'ambo yake, alisimulia, kuna kibanda walichokijenga kwa mikono yao, chenye jiko la chuma, na mbele ya kibanda kuna shimo refu la maji ambamo trauti, wale samaki wakubwa wa maji baridi, hulala wamepangana kama kuni. Augustin akapiga magoti penye mwamba mwekundu, akalia, "Usivuke, shemeji, tutakufa!" Modeste akacheka, akawapigia mbwa mluzi, akavuka mbio huku barafu inaguna chini ya miguu yake. "Barafu haimpendi anayesita," alisema kila alipofika hapo, na kidole juu. Kisha akamvua trauti wa ratili hamsini na tisa, akambeba begani, mkia ukaburuta theluji.

Mara nyingi Augustin mwenyewe alikuwepo. Miaka thelathini na tisa mzee huyo alikaa kwenye benchi akisikia jinsi alivyolia.

"Endelea, shemeji," alikuwa akisema, akikikwangua kiko chake. "Bado hujafika pale ninapojikojolea."

"Hilo nilikusitiri, shemeji. Ukitaka nitalitia."

Watu walicheka, na Antoinette alicheka nao, lakini wao walikuwa wanacheka jingine. Maana kila aliyekulia porini alijua kwamba Mlango wa Kunguru haugandi sawasawa hata kwenye baridi ya Januari. Maji yake hayalali. Yanapita kwa nguvu mwaka mzima, yanaila barafu kutoka chini, na juu theluji inalala nyeupe, nzuri, kama shuka iliyotandikwa. Hakuna aliyevuka pale, na hakuna mtu mwenye akili angejaribu. Modeste aliposema alivuka, alikuwa anawaambia wenzake waziwazi: mahali penyewe si hapa, msijisumbue. Ulikuwa uongo mkubwa makusudi, ili usimpoteze mtu.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa nne, mwaka wa tisini na moja, wazee wawili walikuwa wamekaa ofisi ya kijiji saa kumi kasoro. Walikuja kila siku saa hiyo, maana saa kumi ndipo watu walioko porini wanapoita kwa redio. Chai ya ofisi ilikuwa ya bure na habari zilikuwa mbichi. Nje upepo wa kaskazini-magharibi ulikuwa umeanza kuvuta mabati. Beatrice, mwanamke mnene mwenye subira aliyekuwa akipokea redio, aliwaita wa kambi moja na nyingine, akaandika nani yuko salama. Kisha ikaja sauti nyembamba, yenye kukwaruza.

"Fort Ambroise, Fort Ambroise, hapa Antoinette. Mnanipata? Ova."

"Tunakupata, dada. Uko wapi na upepo huu? Ova."

"Mjomba wangu yupo hapo? Ova."

"Yupo, na shemeji yake. Wanaimaliza sukari ya serikali. Ova."

"Basi asikie mwenyewe. Mjomba! Jumapili ijayo ni karamu ya kutimiza mwaka tangu mama afariki. Nilitaka iwe siri mpaka nirudi, lakini siwezi. Niko Mlango wa Kunguru! Nauona mwamba mwekundu, ule ule. Mama atakumbukwa kwa trauti wa kwako, mjomba. Ova."

Masikio ya Modeste yalisikia, akili ikakataa. Alitabasamu. Nasema alitabasamu, kama mtu anayesifiwa mbele za watu, kwa muda wa pumzi mbili. Ndipo alipoona uso wa Augustin. Kiko kilikuwa kimesimama njiani, hakijafika mdomoni, na macho ya mzee yule yalikuwa yamemkazia yeye tu. Chai ikamwagika kwenye suruali ya Modeste. Akainuka bila kukumbuka goti, akamnyang'anya Beatrice kipaza sauti.

"Antoinette. Usivuke."

Kicheko kilitoka kwenye redio, kikavunjika na upepo.

"Mjomba, umeniua! Leo wewe ndiye Augustin? Nami nijibu nini, nipige mluzi? Barafu haimpendi anayesita, mjomba! Ova."

Maneno yale Modeste aliyatunga mwenyewe, mwaka gani hakumbuki, kwa sababu yalisikika vizuri. Sasa yalimrudia kifuani yakakaa hapo. "Sikufanyi mzaha," alisema. "Geuza urudi nyumbani. Ova."

"Siwezi kurudi. Ni maili arobaini na upepo uko usoni, na mafuta sina ya kutosha kupambana nao. Theluji imeanza kunifunga macho. Kibanda kiko ng'ambo tu, si ndiyo? Dakika kumi na pikipiki hii ya theluji. Nakunja waya sasa, nitawaita kesho saa mbili nikiwa mbele ya jiko lako..."

"Ngoja!" alipiga kelele Modeste, na Beatrice akamshika mkono.

"Bado amebonyeza, mzee. Hakusikii mpaka aachie."

Redio zile zilitaka waya mrefu ufungwe juu ya miti miwili. Waya ukishakunjwa, mtu huyo amekwenda. Unaweza kumwita mpaka koo likauke. Modeste alisubiri kidole cha mpwa wake kiachie kitufe, na ndani ya kusubiri huko alifanya jambo ambalo nisingelisimulia kama asingelisema mwenyewe baadaye, mbele ya watu. Alifikiria shimo lake. Alifikiria redio zote zilizokuwa wazi saa ile, za nyumbani na za makambini, ishirini au zaidi, kila moja na masikio yake. Penye kuku wengi hapamwagwi mchele. Akadhani bado kuna njia ya kumwokoa binti na siri pamoja.

Redio ikakwaruza, ikanyamaza. Zamu yake.

"Kibanda kiliungua," alisema. "Hakuna kitu ng'ambo. Usivuke. Ova."

"Kiliungua lini?" Sauti ya Antoinette sasa haikuwa na kicheko, ilikuwa na baridi. "Jumapili uliniambia jiko lake bado zima. Mjomba, nasikia vibaya, meno yananigongana. Kama kibanda kimeungua nina hema, nitajibanza kwenye kuta zilizobaki. Huku wazi nitakufa. Navuka. Ova."

Uongo wa pili ulikuwa umemsogeza hatua moja mbele. Augustin aliipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka.

"Mwambie!" alisema. "Mwambie, mpumbavu wewe, au nipe mimi nimwambie!"

Kama Augustin angesema, Antoinette asingeamini. Katika hadithi Augustin ndiye mwoga. Modeste alilijua hilo, maana ndiye aliyemfanya mwoga. Alikibonyeza kitufe kwa vidole viwili.

"Antoinette, nisikilize, usikunje waya. Sikuvuka. Unanisikia? Mimi sijawahi kuvuka Mlango wa Kunguru, na hakuna aliyevuka. Nilipiga mtaimbo mara moja pale penye mwamba, ukazama wote mpaka mkononi, na maji meusi yakapanda. Nililala kifudifudi. Nikalia kama mtoto, nikamwita mama yangu, na mama alikuwa ameshakufa. Augustin ndiye aliyenivuta kwa miguu. Aliyelia ni mimi. Niliogopa, binti yangu. Ova."

Redio ilivuma tu. Beatrice alikuwa ameziba mdomo. Modeste alihesabu pumzi zake mwenyewe, akafika nane, tisa. Hakujua kama anaongea na mtu au na waya uliokwisha kukunjwa.

"Mbona," ilisema sauti, kidogo sana, "mbona umenifanya..." Upepo ukala mengine. Kisha: "Niende wapi? Betri inakufa. Ova."

Akamwambia. Hakujua kama alikuwa akisema kwa sauti ya kawaida au akipiga kelele. Watu wa upande wa pili wa kijiji walisema walimsikia bila redio.

"Rudi kwenye njia uliyokuja nayo, usiende mbali, robo saa ya mguu. Mkono wako wa kushoto utaona kijito na misonobari mitatu iliyoungua. Panda kijito. Pikipiki iache chini, beba hema na chakula tu. Juu kuna shingo ya ardhi, nyembamba. Ukishuka upande wa pili ni ghuba, na kibanda kipo mkono wa kulia, kimeegemea jabali, huwezi kukiona mpaka ukiguse. Usikate katikati ya ghuba, tembea ukingoni penye mawe. Ova."

"Kijito... kushoto... misonobari mingapi? Ova."

"Mitatu. Imeungua. Na Antoinette," alisema, na hapa Augustin akafumba macho, "shimo la trauti liko hatua arobaini mbele ya mlango, ukilenga kisiwa chenye mti mmoja. Hatua arobaini. Ova."

Hilo Antoinette hakuhitaji kulijua ili apone. Lakini Modeste alijua kwamba hata mtu aliyelelewa na mapadri ataelewa kuwa hakuna mvuvi wa Fort Ambroise anayetoa hatua za shimo lake kwa mzaha. Alilitoa kama anavyotoa mtu kitu cha mwisho mfukoni.

Hakupata jibu. Aliita. Beatrice aliita. Augustin alikaa karibu na redio akaiegemezea sikio, kiko kimezimika mkononi. Saa kumi na moja theluji ilikuwa imelifuta kanisa lisionekane kutoka ofisini, na vijana waliokuja kutaka kutoka na pikipiki zao walizuiwa na wake zao, na wake zao walikuwa na haki.

Modeste hakurudi nyumbani. Alikaa kwenye kiti kile kile akiwa na suruali iliyomwagikiwa chai. Watu walipita kutazama, wakasimama mlangoni, wakaondoka. Wengine wangeweza kumcheka. Walikuwa wamepewa kicheko cha miaka thelathini na tisa kwa siku moja. Hakuna aliyecheka. Mara moja tu Augustin alisema, bila kugeuka, "Kama amekufa, shemeji, nitakuchukia mpaka kaburini."

"Najua," alisema Modeste. "Fanya hivyo."

Asubuhi upepo ulikuwa umelala. Saa mbili kamili Beatrice aliwasha redio. Ofisi ilikuwa imejaa, watu wamebanana mpaka ukumbini. Zikapita dakika tano. Zikapita kumi. Augustin alikuwa akisali rozari kwa lugha yao, haraka haraka, kama mtu anayegombana. Saa mbili na dakika kumi na saba redio ilikwaruza.

"Fort Ambroise." Sauti ilikuwa imekauka. "Hapa Antoinette. Niko kwenye kibanda. Nimeipasha betri moto mpaka ikapata nguvu kidogo. Ova."

Wanawake walipiga vigelegele, Beatrice akalia waziwazi, na mtu mmoja akaanza kupiga ukuta kwa ngumi. Modeste alitaka kusimama, goti likakataa, akabaki amekaa. Walimsogezea kipaza sauti.

"Umelala vizuri, mwanangu?" Hilo ndilo lililomtoka. "Ova."

"Sikulala. Alfajiri nilirudi Mlango wa Kunguru kwa miguu, nikaenda kuangalia. Penye mwamba nilitupa jiwe la ukubwa wa birika. Lilitoboa, mjomba. Lilipita kama linapita kwenye karatasi." Kidole chake kilibaki kwenye kitufe, wote wakamsikia anapumua. "Kwa nini hukuniambia? Ova."

"Nilidhani unajua. Watu wote wanajua, binti yangu. Ni mazungumzo tu ya wavuvi. Kila mtu hapa anajua kwamba..."

Aliachia kitufe kabla ya kumaliza, kwa sababu aliyasikia maneno yake mwenyewe. Watu waliokuwa ofisini walitazama sakafu.

"Watu wote," alisema Antoinette. Hakupandisha sauti. "Mlipokuwa mnajua, watu wote, mimi nilikuwa wapi? Mimi nchi hii sina nyingine ila ile uliyonipa jikoni kwako. Nimewafundisha wanangu. Mwezi wa sita nilikuwa nimpeleke mkubwa kwenye Maporomoko ya Bibi, kama ulivyopita wewe na mtumbwi. Hayo nayo je? Ova."

Modeste alifunga macho.

"Msipite," alisema. "Hapapitiki. Tulibeba mtumbwi begani, njia iko upande wa kusini. Ova."

"Na kisiwa cha mayai? Na njia wanayopita wanyama wa karibuu wakati wa vuli? Ova."

"Kisiwa ni cha kweli. Njia ya karibuu si ile." Ilimwuma kila neno, na alisema kila neno. "Nikuambie zote. Goti langu halifai, lakini wanipakie kwenye sleji. Nitakuja huko leo na watakaokuletea mafuta, tuanzie hapo ulipo, unione nikionyesha kwa kidole. Hadithi ya jikoni haitoshi. Ova."

Kabla jibu halijaja, Augustin aliinuka kwenye benchi. Alimsukuma shemeji yake kwa kiuno bila adabu yoyote, akakamata kipaza sauti kwa mikono miwili. Mzee huyo alikuwa na mtoto mmoja tu, Alphonse, naye alikuwa amerudi na ndege ile ile iliyomrudisha Antoinette. Tangu Jumatatu Alphonse alikuwa kambini peke yake, upande wa kisiwa kirefu.

"Sogea," Augustin alimwambia Modeste. Nyuma yake wazee wengine wawili walikuwa wameshaanza kusogea kuelekea redio, na mwanamke mmoja mwenye fimbo, wote wakiwa na watoto waliorudi na ndege. "Alphonse. Alphonse, mwanangu, kama umewasha redio. Ni baba. Ile ghuba ya samaki weupe niliyokusimulia, usiitafute. Hakuna ghuba pale, ni maji ya mkondo. Kaa ulipo, usihamishe hema hata hatua moja. Nakuja kukuonyesha."